Ile ndege ya mabati ya migongo: nani aliianza na kwa nini

Swali la msomaji: "Shikamoo fundi. Mimi nasoma ufundi bati chuoni huku Morogoro, mwaka wa pili. Juzi nimekutana na picha ya ndege ya zamani sana ya abiria, bodi yake yote ni migongo migongo kama mabati ya nyumba yetu kijijini. Mwenzangu anasema ndege ya kwanza ya abiria ya metali tupu ni DC-3, mimi nikabisha ila sina cha kumwonyesha. Naomba utueleze ilianza ipi, hayo mabati ya migongo yalikuwa ya kazi gani, na kama yalikuwa mazuri mbona ndege za saivi ni laini?"

Marahaba mwanangu. Kwanza nikutoe wasiwasi, ulibisha sawasawa. DC-3, ya kiwanda cha Douglas cha Marekani, iliruka mara ya kwanza tarehe 17 Desemba 1935, na ndege ya abiria ya metali tupu ilishapaa miaka kumi na sita kabla yake, tarehe 25 Juni 1919, mji wa Dessau kule Ujerumani. Inaitwa Junkers F 13. Mwenzako simlaumu kabisa, DC-3 ndo iliyojulikana huku kwetu, East African Airways walizirusha miaka mingi na wazee wengi ndege yao ya kwanza kupanda maishani ilikuwa hiyo, kwaiyo ukisema ndege ya zamani ndo inayomjia mtu kichwani. Ila kwenye ukoo wa ndege za metali DC-3 ni mjukuu.

Hilo swali lako la bati ndo limenifanya nikae chini niandike kirefu, maana miaka mingi nimekula kwa kupiga ribiti, vile vipini vya metali vya kushikia bati, kwenye bodi za ndege, na wewe unasoma ufundi huohuo. Sasa nisikilize.

Mwaka 1919 ndege karibu zote zilikuwa mbao na kitambaa. Fremu ya mbao, juu yake kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, mabawa mawili moja juu ya lingine, katikati nguzo na waya zimetanda huku na huku. Vita vya kwanza vya dunia vilikuwa vimeisha Novemba 1918, ndege za kivita zimejaa na hazina kazi, kwaiyo waliotaka kuanza biashara ya abiria wakachukua zilezile. Wajerumani walianza safari za ratiba Berlin kwenda Weimar tarehe 5 Februari 1919, na abiria alikaa palepale alipokuwa anakaa askari wa kutazama adui, nje kabisa, upepo usoni, anapewa koti la ngozi na miwani. Mvua ikinyesha ni yake.

Na mbao ina tabia zake, wewe unazijua. Inakunywa maji, inavimba, jua likiiwaka inapasuka, gundi inaachia polepole ndani kwa ndani na kwa nje huoni kitu. Kitambaa nacho kinachoka, baada ya muda unakivua chote unavika kipya. Ndege ya hivyo unailaza ndani kama mtoto, ukiiacha uwanjani masika mbili imekwisha. Hili la mbao nitalirudia mwishoni maana kuna ajali ilikuja kulimaliza.

Aliyeona tofauti ni Profesa Hugo Junkers. Huyu hakuwa kijana wa kupenda kuruka, amezaliwa 1859, yani ndugu wawili wa Marekani wanarusha ndege yao ya kwanza mwaka 1903 yeye yuko kwenye miaka arobaini na kitu, ni mwalimu wa chuo cha ufundi Aachen na ana kiwanda Dessau. Kiwanda cha nini? Cha hita za maji ya kuoga, zile za gesi. Hapo usipite haraka mwanangu, hapo ndipo ilipo siri yote. Hita ya maji ni bati jembamba tu, unalikunja, unalifunga, moto unapita upande mmoja maji upande wa pili, na lisipokuwa jembamba joto halipiti vizuri. Kwaiyo huyu mzee kabla hajagusa ndege alikuwa na mafundi waliolijua bati jembamba kwa vidole vyao, wanajua likikunjwa vipi linasimama na likiachwa vipi linalegea. Mwenzake wa chuo kilekile, Profesa Hans Reissner, alipokuwa anatengeneza ndege yake ya majaribio mwaka 1912 na anataka mabawa ya metali, waliomkunjia yale mabati ya migongo ya alumini ni kampuni ya Junkers.

Kabla ya hapo, Februari 1910, Junkers alishasajili hataza, yani haki ya mvumbuzi, ya bawa nene. Wazo lake lilikuwa hivi: badala ya bawa jembamba kama ubao linaloshikiliwa na nguzo na waya kwa nje, tengeneza bawa lenye unene, lenye tumbo, mifupa yote iingie ndani, na nje lisibaki kitu cha kupigana na upepo. Watu wengi waliamini bawa nene haliwezi kuruka vizuri, yeye akajenga handaki la upepo, yani njia ya kupulizia upepo kwenye mfano wa bawa, akapima, akaona linaruka tena linabeba.

Ndege yake ya kwanza ya metali tupu ni J 1, iliruka tarehe 12 Desemba 1915. Hiyo ilikuwa ya chuma hasa, shiti nyembamba za chuma zimeunganishwa kwa kuchomelea, bawa moja halina nguzo hata moja nje. Spidi ilikuwa nzuri, karibu kilomita 170 kwa saa kwa injini ya nguvu farasi 120 tu, lakini ilikuwa nzito mno, kupanda juu ni shida. Wajerumani wakaibatiza jina la Punda wa Bati. Mimi jina hilo silioni kama matusi. Ile ndege ilithibitisha kwamba ndege bila mbao na bila waya inawezekana, na ilichomfundisha Junkers ni kwamba umbo liko sawa ila chuma siyo metali yake.

Metali yenyewe ilishapatikana karibu miaka kumi nyuma. Mtaalamu mmoja anaitwa Alfred Wilm, maabara yake nje kidogo ya Berlin, alikuwa anatafuta alumini ngumu ya kutengenezea maganda ya risasi. Alumini tupu ni laini, unajua, unaweza kuikunja kwa mkono. Akawa anachanganya na shaba kidogo na magnesiamu kidogo, anaipasha moto kama nyuzi 500 hivi, anaizamisha kwenye maji, anapima. Inasimuliwa kwamba mwaka 1906 walipima kipande jumamosi wakakuta hakina maajabu, wakaenda nyumbani, waliporudi baada ya wikiendi wakapima kilekile na kimekuwa kigumu zaidi. Hakuna aliyekigusa. Kimekaa tu mezani kikawa kigumu chenyewe! Wakadhani mashine ya kupimia imeharibika, wakarudia, ikawa hivohivo. Ile metali ukishaizamisha majini inaanza kujipanga ndani taratibu kwa siku kadhaa mpaka ikaze. Kiwanda cha mji wa Düren kikanunua haki ya kuitengeneza, ndo jina duralumini likatoka hapo. Wilm mwenyewe baadaye aliacha maabara akaenda kulima.

Hii siyo hadithi ya kwenye karatasi tu, mimi nimeishika mkononi. Nilipokuwa mwanafunzi kwenye hanga, banda la ndege, mzee aliyekuwa ananifundisha aliniambia nenda kwenye friji kaniletee ribiti. Nikamwangalia. Friji? Nikafungua nikakuta kweli, vikopo vya ribiti vimekaa kwenye baridi kali kama samaki. Zile ribiti zimepashwa moto zikazamishwa, saa hiyo ni laini zinapigika, na ukiziacha nje zinaanza kukaza zenyewe kama kile kipande cha Wilm, baridi ndo inazichelewesha. Unachukua chache, unakimbia, mmoja anashika nyundo ya upepo nje mwingine ameshika chuma cha kukingia ndani, mnapiga, na una dakika chache tu. Ukichelewa ribiti inakuwa ngumu, ukiipiga inapasuka kichwa, na ribiti iliyopasuka kichwa kwenye bawa ni lazima uitoboe uitoe uanze upya. Niliwahi kuziweka mfukoni nikaenda kunywa chai. Mzee alizimwaga zote kwenye ndoo ya skrepa mbele yangu, hakusema neno, akanionyesha kidole friji ilipo.

Basi Junkers akahama kutoka chuma kwenda duralumini. Wakati wa vita alitengeneza ndege ya jeshi, J 4, mabawa ya duralumini yenye migongo na mbele kuna kama karai kubwa la chuma cha milimita 5 linalomfunika rubani na injini risasi zisipite, zikatengenezwa 227. Hapo kiwanda kikajifunza kuzalisha. Vita vilipoisha tu akawaita wahandisi wake akawaambia sasa ndege ya watu, siyo kuichukua ya kivita na kuichongea kiti, hapana, ianze upya kwa ajili ya abiria. Aliyeichora anaitwa Otto Reuter.

Sasa twende kwenye bawa lenyewe, na hapa nataka ufikirie paa la nyumba yenu kijijini. Paa lina kenchi, juu ya kenchi kuna papi zimelala, na juu ya papi kuna bati. Migongo ya bati inaelekea wapi? Inakatiza papi, haiendi sambamba nazo. Kwa sababu bati la migongo lina nguvu upande mmoja tu, kwa urefu wa mgongo halikunjiki, kwa upana ukilibana linajikunja kama kitabu. Ukilaza migongo sambamba na papi bati litabonyea katikati siku ya kwanza fundi akikanyaga. Chukua hata karatasi ya daftari, ishike ncha moja, inaanguka. Ikunje kunje kama feni uishike tena, inasimama na unaweza kuweka kalamu juu yake, na karatasi ni ileile, haijaongezeka uzito hata kidogo.

Bawa la F 13 ni hivohivo kabisa. Ndani yake kuna mabomba tisa ya duralumini yanayotoka ubavuni mwa ndege kwenda ncha ya bawa, hayo ndo papi. Mabomba yameunganishwa yenyewe kwa yenyewe na vipande vya mshazari, pembetatu pembetatu, ukiliona bila ngozi utasema ni kenchi. Juu yake bati la migongo, na migongo inakatiza yale mabomba, inatoka mbele ya bawa kwenda nyuma, kufuata upepo. Mzigo wa bawa kutaka kupinda juu ndege ikiruka unabebwa na mabomba, na bati linashika umbo, linazuia bawa lisijisokote, halafu linabeba msukumo wa upepo kati ya bomba na bomba. Usingeweza kufanya hivyo na bati bapa la unene uleule. Bati bapa jembamba ukilivuta ni hodari, ila ukilisukuma linabonyea, unalijua lile la kupiga kelele ukilibeba begani. Na kuweka bati nene ndo unarudi kwa punda. Kwaiyo migongo haikuwa urembo wala umaskini, ni jibu la mtu aliyekuwa anataka wepesi na ugumu kwa pamoja, kwa vifaa vya 1919.

Halafu kuna kitu kidogo ambacho mimi kama fundi kinanifurahisha kuliko hata spidi. Mabawa yalikuwa yanatoka. Kila bomba mwishoni lilikuwa na kichwa cha duara kama mpira, kinaingia kwenye kikombe chake, nje unafunga nati kubwa inayokibana. Unafungua nati, bawa linatoka, ndege inapanda treni au meli inaenda dunia nyingine, inafika inafungwa. Na kichwa cha duara kina uungwana wake, mabomba yasipolingana sawasawa kwa nywele moja bado kinakaa, kinajitafutia. Aliyewahi kulazimisha boliti kwenye tundu lililopishana ananielewa.

Bawa lenyewe liko moja na liko chini, kibanda cha abiria kimekaa juu yake. Wenzake karibu wote wakati huo wana mabawa mawili mawili. Junkers hoja yake ilikuwa ya usalama, kwamba ndege ikianguka bawa ndo linafika ardhini kwanza linakula kishindo, na ikitua majini linasaidia kuelea. Ndani kuna viti vya abiria wanne, vimewekwa sponji na kitambaa, dirisha za vioo, mlango wa kufunga, taa, kibanda kinapashwa joto, na mikanda ya viti, kitu ambacho kwa wakati ule hakikuwa cha kawaida. Yani abiria wa Weimar amekaa nje na koti la ngozi mwezi Februari, na mwaka huohuo kuna ndege mtu anapanda na suti yake kama anaingia kwenye gari. Marubani wawili walikaa mbele, nusu wazi, wenyewe walikuwa wanaamini wasiposikia upepo usoni hawataijua ndege inataka nini.

Injini ilikuwa moja, za kwanza nguvu farasi 160 hivi, baadaye wakaweka za BMW za 185, na miaka ilivyoenda wakaweka ya Junkers wenyewe zaidi ya 300. Ndege za mwanzoni alizipa majina ya mabinti zake, Herta na Annelise. Tarehe 13 Septemba 1919 moja ikapanda na watu wanane ndani mpaka mita 6,750. Kilimanjaro ni 5,895, kwaiyo ni juu ya Uhuru kwa karibu kilomita nzima. Rekodi haikuandikwa rasmi kwa sababu Ujerumani hawakuwa wanakubalika kwenye shirikisho la kimataifa la mambo ya ndege baada ya vita.

Na hapo ndo balaa lilipo. Ndege imeruka tarehe 25 Juni, tarehe 28 Juni mkataba wa Versailles ukasainiwa, siku tatu tu. Washindi wa vita wakawabana Wajerumani kwenye mambo ya ndege, kuna kipindi kutengeneza kabisa kulipigwa marufuku, na walipofungua tena 1922 wakaweka mipaka, spidi isizidi kilomita 170 kwa saa, isipande zaidi ya mita 4,000, mzigo usizidi kilo 600. F 13 ilikuwa ndogo kiasi kwamba iliweza kuishi ndani ya hiyo mipaka. Kuna mwingine hakubahatika, Adolf Rohrbach, kijana wa kampuni ya Zeppelin, yeye mwaka 1920 alishatengeneza ndege ya metali ya injini nne na abiria 18, na ngozi yake laini, hapana migongo, yani sura ya ndege za miaka ya 1930 kabisa. Ikaruka, ikaonekana ni nzuri mno, ikaamriwa ivunjwe, 1922 ikakatwakatwa. Ukiniuliza mimi kitu gani kwenye historia ya ufundi huu kinaniuma, ni hicho.

Kwa vile nyumbani kumebanwa, Junkers akatawanya ndege zake duniani, na huko ndo metali ilijibu maswali yote. Colombia kulikuwa na kampuni imeundwa Barranquilla Desemba 1919 inaitwa SCADTA, ndo mama wa Avianca ya leo. Nchi ile mlima na msitu, barabara hakuna, watu wanapanda stima mto Magdalena kutoka pwani kwenda Girardot wiki nzima au zaidi, na mto ukikauka stima inakwama mchangani. Wakaleta F 13, wakazivua magurudumu wakazivika maboya, zikawa zinatua kwenye mto wenyewe, safari ya wiki ikawa ya siku moja. Fikiria joto lile na unyevu ule na mvua zile, ndege imelala nje kwenye maji, mbao na gundi vingeishi hapo muda gani? Bolivia wakaanza na F 13 mwaka 1925. Uajemi, Iran ya leo, Junkers wakaendesha huduma kuanzia 1927, vumbi na jua la jangwani. Hata Afrika zilifika, mwanzoni mwa miaka ya 1930 zilikuwa zinaruka kutoka Windhoek, nchi ambayo saivi ni Namibia. Jumla zilitengenezwa zaidi ya 300, mpaka 1932, na kwa ndege iliyochorwa 1919 kuendelea kutoka kiwandani miaka kumi na tatu, hiyo ni heshima kubwa.

Sitaki uondoke ukidhani ilikuwa haina ubaya. Marekani ilipelekwa na mfanyabiashara mmoja John Larsen, akaiita JL-6, shirika la posta likanunua kadhaa mwaka 1920 za kubeba barua. Zikaanza kuwaka moto angani. Mabomba ya mafuta yalikuwa magumu, injini inatetemeka, bomba linapata ufa, petroli inadondoka karibu na injini ya moto, Septemba 1920 peke yake marubani na mafundi walikufa kwenye ajali za hivyo zaidi ya moja, posta wakaziondoa. Bawa halikuwa na kosa, bodi haikuwa na kosa, ni bomba dogo la mafuta. Ndo maana mimi wanafunzi wangu nawaambia wapitishe mkono kwenye kila bomba na kila kibano, kwa sababu watu wanakufa na kitu cha ukubwa wa kidole. Na ndege hiyohiyo ya JL-6 mwisho wa Desemba 1921 marubani wawili waliirusha New York kwa zaidi ya saa 26 bila kutua, kwenye baridi na theluji, rekodi ya dunia.

Na duralumini yenyewe ina adui mkubwa, chumvi. Inaliwa kwa ndani, katikati ya chembe zake, kwa nje unaona doa la unga mweupe dogo tu na ukilichokonoa kisu kinazama. Mpaka mwishoni mwa miaka ya 1920 walipojua kuivika alumini safi juu kama ngozi ya pili, ndo ikapata kinga ya kueleweka. Ndege zinazolala Tanga au Mombasa au Zanzibar tunaziosha na maji yasiyo na chumvi mara kwa mara kwa sababu hiyohiyo mpaka leo.

Sasa mbona migongo ilipotea? Kwa sababu ya upepo. Junkers aliipanga migongo ifuate upepo akiamini hewa itateleza ndani ya mifereji kama maji ya mvua kwenye paa. Ndege zilipokuwa zinaenda kilomita 150 kwa saa gharama yake ilivumilika. Ila hewa kwenye ndege haipiti moja kwa moja kama maji ya paani, inapinda, inakwenda mshazari, inakatiza migongo, na kila inapokatiza inakwama. Halafu ukilinyoosha bati la migongo linakuwa refu zaidi, maana yake ngozi inayosuguana na hewa ni kubwa zaidi. Injini zilipokuwa na nguvu na watu wakataka spidi, migongo ikawa ni breki. Walipopima kwenye handaki za upepo wakaona hasara ni kubwa kuliko walivyodhani.

Swali likawa lilelile la karatasi, bati bapa jembamba tutalizuiaje lisibonyee? Rohrbach alishalijibu, baadaye Wamarekani kina Northrop wakaliendeleza: ingiza migongo ndani. Ngozi ya nje iwe laini, kwa ndani piga ribiti vipande vyembamba vilivyokunjwa, vimekaa karibu karibu, vinaishika ngozi isibonyee, na safari hii ngozi nayo inabeba mzigo wa kupinda pamoja na mifupa, siyo mifupa peke yake. Siku ukiingia kwenye hanga omba ufunguliwe paneli ya bawa umulike na tochi, utaiona migongo ya Junkers imehamia ndani. Vile vipande sisi tunapiga ribiti mamia kwa mamia, ukikosea mstari mmoja ngozi inafanya mawimbi na inspekta anayaona kutoka mbali kwa kuangalia mwanga unavyokatika.

Kilichosukuma mambo haraka ni ile ajali niliyokuahidi. Tarehe 31 Machi 1931 kule Kansas, ndege ya Fokker ya injini tatu ya TWA, shirika la ndege la Marekani, ilikatika bawa angani, wakafa wote wanane, mmoja wao kocha maarufu sana wa mpira wao anaitwa Knute Rockne. Bawa lilikuwa la mbao, unyevu ulishaingia gundi ikaachia, na kwa nje hakukuwa na cha kuona. Serikali ikataka ukaguzi mkali wa mabawa ya mbao, na kwa mashirika gharama hiyo haikulipa. Miaka miwili baadaye, Februari 1933, Boeing 247 ikaruka, abiria kumi, ngozi laini, magurudumu yanaingia ndani. TWA wakazitaka wakaambiwa wasubiri foleni, wakaenda kwa Douglas, ikazaliwa DC-1 Julai mwaka huohuo, ikafuata DC-2, halafu hiyo DC-3 ya mwenzako. Mwambie bila kumkosea heshima, DC-3 ndo iliyofanya biashara ya abiria ilipe, hilo ni lake halali. Kuanza ndo hakuanza yeye.

Junkers mwenyewe mwisho wake haukuwa mzuri. Hitler alivyoingia madarakani 1933 wakamtaka awape viwanda na hataza, alikuwa mtu asiyetaka kiwanda chake kigeuke cha vita, wakamnyang'anya, wakamweka kizuizini nyumbani. Alifariki tarehe 3 Februari 1935, siku aliyotimiza miaka 76.

Turudi kwenye picha yako, maana ndege za migongo zilikuwa nyingi na hukuniambia ina injini ngapi. Ikiwa na injini tatu na bawa liko juu ya kichwa cha abiria, hiyo ni ya Marekani, Ford Trimotor ya 1926, walimfuata Junkers kiasi kwamba walipotaka kuiuza Ulaya aliwapeleka mahakamani akashinda. Ikiwa na injini tatu na bawa liko chini, inaelekea ni Junkers Ju 52. Ikiwa na injini moja puani, bawa chini limetanuka bila nguzo, mlango uko ubavuni juu ya bawa na marubani wanaonekana vichwa, basi umeiona F 13 yenyewe. Ikuze picha uangalie bawa linapoungana na ubavu, kama ni safi utaona mshono wa sehemu ya kutolea bawa, ndani yake ndo kuna zile nati za vichwa vya duara.